Mgongo Unaouma na Moyo Wenye Fadhaa

Katika nchi yetu ya Mbeya, kutoka milima ya Umalila hata mabonde ya Kyela, hakuna lalamiko lisikikalo nyumbani mara nyingi kama lile la mgongo. Mwenye kuinua matuta ya viazi hulisema. Mama aliyejitwisha ndoo alfajiri hulisema. Dereva wa lori aliyekaa siku nyingi katika foleni ya mpakani Tunduma hulisema. Hata mwalimu aliyeinama juu ya madaftari ya watoto mpaka usiku hulisema. Wala si sisi peke yetu. Wataalamu walihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, nao wakadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna maradhi mengine yawazuiayo watu wengi zaidi kufanya kazi zao.

Walakini hatuandiki leo kwa ajili ya mtu ambaye mgongo humwuma wiki mbili tatu, kisha ukapoa. Hao ndio wengi, nao hupona hata bila shauri letu. Twaandika kwa ajili ya nyumba ile ambamo mgonjwa amelala mwezi wa tatu sasa, shamba limeota magugu, ada ya mtoto haijalipwa, na ndugu wamekusanyika kuulizana. Katika nyumba ya namna hii tumezoea kusikia maneno matatu. Wa kwanza husema, "Mfupa umesagika, asishike jembe tena." Wa pili husema kwa sauti ya chini kwamba yupo jirani mwenye kijicho, na kwamba maradhi haya si ya hospitali. Wa tatu husema, "Huyu ni mvivu tu, mbona juzi arusini alicheka?" Maneno yote matatu humdhuru mgonjwa, na madhara yake hayakomi moyoni, bali hufika mpaka katika damu na katika nyama za mgongo wenyewe. Jinsi yanavyofika huko ndiyo habari yetu.

Yapata miaka 2,000 iliyopita mwandishi mmoja wa Roma, jina lake Celsus, alitaja dalili nne za mahali palipoumia mwilini: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Sisi tutaziita pamoja uvimbe wa moto. Kidole kikikatwa na panga, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale kama askari, humwaga dawa zao kali, mishipa ya damu hupanuka, maji huingia katika nyama, na neva za mahali pale huwa nyepesi kusikia uchungu. Jambo hili ni jema. Bila hilo jeraha lisingesafika wala lisingefunga. Ni kama mkulima achomaye majani ya shamba kabla ya kulima: moto una kazi yake. Hatari ni moto usiozimika wakati mbegu zimekwisha kupandwa.

Basi nani huuzima? Mwaka 1936 Dakta Hans Selye wa Montreal, katika nchi ya Kanada, alieleza kwamba panya walioteswa kwa namna mbalimbali, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha, wengine kwa kuchoshwa, walionyesha mabadiliko yale yale ndani ya miili yao. Moja lilikuwa hili: tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia zilikua kupita kiasi. Tezi hizo hutoa maji ya aina kadhaa. Mojawapo laitwa adrenalini, nalo hufanya moyo upige mbio na nyama za mwili zikaze, tayari kwa kupigana au kukimbia. La pili laitwa kotisoli, na pamoja na kazi zake nyingine, hutuliza uvimbe wa moto usipite mpaka wake. Nguvu ya maji ya namna hii ilionekana wazi mwaka 1948, Dakta Philip Hench wa Marekani alipomdunga kotisoni, ndugu yake kotisoli, mwanamke aliyelemazwa na maradhi ya viungo. Baada ya siku chache mwanamke yule alitembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Hapa msomaji mwenye akili ataliza swali: ikiwa fadhaa hutoa kotisoli, na kotisoli huzima moto, je, mwenye fadhaa nyingi hapaswi kuwa na moto mchache? Kwa siku chache ndivyo ilivyo. Lakini fadhaa ya miezi na miaka, ile ambayo siku hizi huitwa msongo wa mawazo, huleta jambo jingine. Walimu watatuelewa upesi. Kengele ya shule ikipigwa kwa saa zake, watoto huitii. Ikipigwa mchana kutwa bila kukoma, baada ya juma moja hakuna mtoto ageuzaye shingo. Vivyo hivyo chembe za damu zikiitwa na kotisoli usiku na mchana huanza kuwa viziwi kwake. Maji yapo, lakini hayasikilizwi, na moto waendelea kufuka. Mwaka 2012 Sheldon Cohen wa Pittsburgh na wenzake walitangaza habari za watu 276 wenye afya, ambao walikubali kutiwa virusi vya mafua puani. Wale waliokuwa wamepita katika taabu kubwa ya muda mrefu walionekana kuwa na chembe zilizopoteza usikivu huo, nao wakapatwa na mafua zaidi ya wenzao.

Kuna jaribio jingine ambalo sisi hulipenda zaidi, maana lagusa mama zetu. Mwaka 1995 Bi Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza nyumbani jamaa zao wazee waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo mkononi, kidogo kuliko punje ya hindi, kisha wakahesabu siku za kupona. Wasiouguza walipona kwa siku 39 hivi. Wauguzaji walipona kwa siku 48 na zaidi. Kidonda kile kile, lakini siku 9 za ziada, kwa sababu ya uchovu na wasiwasi. Anayemwuguza mgonjwa wa mgongo, akiamka usiku kumgeuza na kumchemshia maji, na alfajiri akaenda shambani peke yake, naye yumo katika hesabu hiyo.

Turudi kwenye mgongo. Ule moto mdogo ufukao huzifanya neva zilie mapema kuliko ipasavyo, hata kuinama kufunga kamba ya kiatu kwaonekana kama kubeba gunia. Pamoja na hayo, mwenye hofu hukaza nyama za kiuno mchana kutwa pasipo kujua, akijilinda. Nyama zilizokazwa huchoka na kuuma. Maumivu humnyima usingizi. Na mtu asiyelala husikia uchungu zaidi kesho yake. Wala hatutaki msomaji adhani kwamba kila mgongo unaouma unawaka moto. Katika wagonjwa wengi moto unaopimwa katika damu ni mdogo, nao hutofautiana mtu na mtu. Njia ya neva, ya usingizi na ya hofu ni pana kuliko njia ya damu. Lakini njia hizi zote hukutana, na zikikutana mgonjwa hawezi kuzitenganisha.

Kwa hiyo amwambiaye mgonjwa, "Maumivu yako ni mawazo tu," amekosea kama yule asemaye kwamba mfupa umesagika. Maumivu ni ya kweli. Neva zinazolia ni neva za kweli. Mwaka 1987 Dakta Gordon Waddell, mpasuaji wa mifupa wa Glasgow, aliwaandikia madaktari wenzake kwamba wasiutazame mgongo peke yake, bali wamtazame mtu mzima, pamoja na hofu zake na kazi yake na watu wa nyumbani mwake. Kwa mpasuaji kusema hivyo ilikuwa neno zito.

Wazee wa Unyakyusa huenda wasingeshangaa. Bi Monica Wilson, aliyekaa huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 jinsi watu wa Rungwe walivyoamini kwamba manung'uniko ya majirani na hasira iliyofichwa kati ya ndugu huweza kumwuguza mtu. Twakubali nusu ya neno hilo, nusu twaikataa. Kwamba ugomvi usiosemwa huingia mwilini, hilo sayansi ya leo hailikanushi. Lakini huingia katika mwili wa yule aliye na ugomvi, kwa njia ya usingizi wake na tezi zake mwenyewe. Haurushwi na jirani kama jiwe. Nyumba inapoanza kumtafuta mchawi, mgonjwa hupata adui pamoja na ugonjwa, na fadhaa yake huongezeka mara mbili. Tumeona majirani wasiosalimiana mpaka leo kwa sababu ya mgongo wa mtu mmoja.

Kabla hatujasema la kufanya nyumbani, yapo magonjwa ya mgongo ambayo si ya namna hii kabisa, nayo hayangoji. Kifua kikuu chaweza kula mifupa ya uti wa mgongo. Mgonjwa hukonda, hutoka jasho usiku, hupata homa, na pengine nundu hutokea mgongoni. Dawa zake hutolewa bure katika nchi yetu. Kadhalika ule ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba huwapata watu wanywao maziwa mabichi, nao waweza kukaa mgongoni. Wafugaji wa Rungwe wachemshe maziwa. Tena mtu ambaye miguu yake imelegea, au amekufa ganzi katikati ya mapaja, au hawezi kuzuia mkojo wala choo, apelekwe hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo aliyeanguka toka mtini, na aliyewahi kuugua saratani. Hao wote ni wachache. Katika wagonjwa 10 wa mgongo, yapata 9 hawana jambo la namna hiyo.

Hao 9 ndio wanaodhurika na kitanda. Mwaka 1986 huko Marekani Dakta Richard Deyo na wenzake waliwagawa wagonjwa 203 katika mafungu mawili: wengine waliambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Walioambiwa siku 2 walipoteza siku chache zaidi za kazi, pungufu kwa asilimia 45, wala hawakuumia kuliko wenzao. Upendo wa nyumba zetu humnyang'anya mgonjwa jembe, ndoo, hata kiti cha barazani, na kumwacha na dari la kutazama na deni la kufikiria. Tezi za figo hazipumziki kwa kulala namna hiyo.

Hudhurika pia na picha. Tumesikia habari za familia iliyouza ng'ombe ili baba apigwe picha ya mashine kubwa mjini, akarudi na karatasi isemayo kwamba pingili zimechakaa. Tangu siku ile hakuinama tena. Yafaa ijulikane kwamba mwaka 2015 wataalamu walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Katika wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na pingili zilizochakaa. Katika wenye miaka 50, asilimia 80. Kuchakaa huko ni kama mvi. Picha ina kazi kubwa kwa wale tuliowataja wenye dalili za hatari. Kwa wengine mara nyingi huuza hofu kwa bei ya ng'ombe.

Na sindano je? Wapo wanaodungwa dawa za jamii ya ile kotisoni dukani, kwa kuwa siku ya kwanza mtu huamka mwepesi. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya mgongo yakaayo zaidi ya miezi mitatu, nalo halikushauri dawa hizo kwa maumivu hayo, wala afyuni na jamii zake, wala mikanda ya kiuno, wala kuvutwa kwa mizigo. Zikitumiwa muda mrefu, dawa za kotisoni hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari ya damu. Mwongozo huo ulikubali vidonge vya kawaida vya kupunguza maumivu na uvimbe, kwa uangalifu, hasa kwa wazee na wenye vidonda vya tumbo. Ulikubali pia kupakwa dawa ya pilipili mahali panapouma, jambo litakalowafurahisha bibi zetu. Lakini uzito wake uliuweka katika kumfundisha mgonjwa, katika mazoezi, na katika kumsaidia ashinde hofu na mawazo yake.

Kazi hiyo ya kumrejesha mtu katika shughuli zake ndiyo iitwayo utengamao, na sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani. Siri yake ni kipimo. Mgonjwa asifanye kazi mpaka maumivu yamwangushe, kisha alale siku tatu. Wala asingoje maumivu yaishe ndipo aanze. Apange kiasi mapema, nacho kiwe kidogo, akifuate siku nzuri na siku mbaya. Juma la kwanza atembee hadi kisimani na kurudi mikono mitupu, mara mbili kwa siku. Juma la pili achukue kopo la maji. Kisha nusu ndoo. Katika shamba alime tuta moja, hata kama ajisikia kulima manne, na kesho alime moja tena. Juma lifuatalo mawili. Akiumwa kidogo wakati wa kazi asiogope: kuuma huko si kuvunjika. Neva zilizozoea kulia hufundishwa kunyamaza kwa kuonyeshwa, siku kwa siku, kwamba kuinama hakukuleta msiba. Jioni alale chali juu ya mkeka, akunje magoti, avute pumzi polepole mpaka tumbo liinuke, aitoe polepole zaidi, kwa muda wa dakika kumi. Zoezi hili watu hulicheka, lakini pumzi ya namna hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuuambia moyo upunguze mbio.

Na deni lisemwe. Hili twalikazia kwa akina baba, ambao huona aibu. Mume aliyekopa katika kikoba na kumficha mkewe hulala macho wazi pembeni mwake, na mgongo wake haujui tofauti kati ya deni na chui. Waketi pamoja, wahesabu kinachodaiwa, wapange kitakachouzwa na kitakacholimwa. Deni halitapungua usiku ule, ila mara nyingi usingizi hurudi kabla ya fedha. Wazee wa kanisa waendao kumtazama mgonjwa wasimwulize tu, "Mgongo waumaje?" Wamwulize, "Jana ulifanya nini?" wakamsifu kwa tuta lake moja.

Sasa lipo neno ambalo tusipolisema tutakuwa tumewaonea maskini. Haifai kumhubiria utulivu wa moyo mchukuzi wa viazi aliyewekewa lumbesa begani. Sheria ya vipimo katika nchi yetu huweka kilo 100 kuwa mwisho wa gunia la mazao, na lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba, hupita hapo. Lakini hata hilo gunia la halali ni zito mno: Shirika la Kazi Duniani, katika shauri lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo wa mwanamume mzima. Mchukuzi wetu hubeba karibu mara mbili ya kiasi hicho, alipwa kwa gunia, na akikataa yupo mwingine nyuma yake. Mgongo wake unaumizwa na mzigo, na moyo wake unafadhaishwa na ujira, na mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Vyama vya wakulima vya Umalila na Uporoto vyaweza kufunga viazi katika magunia madogo yanayobebwa na mtu mmoja. Kazi hiyo yahitaji mapatano tu kati ya wauzaji wa kijiji kimoja, ili mnunuzi asiwachonganishe.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo wapo katika hospitali kubwa, kama ile ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya, lakini nauli ya kutoka Isoko au Matema kila juma ni mzigo mwingine. Kwa hiyo mgonjwa akienda mara moja aombe aandikiwe mazoezi yake kwa Kiswahili, kila zoezi na hesabu yake, na siku ya kuongeza. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na mlango. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wa shule, na mwalimu wa kijiji apite kila Jumamosi kutia alama mahali alipofika.